Mduara wa Veikko Umeingia Ndani ya Wangu

Duluth, Minnesota
Jumanne, 9 Septemba

Kwa Bi. Solveig Tangen,
Mwenyekiti, Klabu ya Watazama Ndege wa Mlimani.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUHAMISHWA MDUARA WA NDUGU VEIKKO MATTILA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba upepo wa kaskazini umeshaanza kuvuma upande wako wa mji kama ulivyoanza huku kwetu juu. Jana asubuhi nyanya zangu zilikuwa na umande ulioganda, na vipanga wa mabawa mapana walipita juu ya paa kwa mamia, wakizunguka kama majani ya chai yanapokorogwa kikombeni. Lakini sikuandika ili nikueleze hayo. Nimeandika kwa sababu ya Bwana Corliss Benning na futikamba yake.

Bwana Benning alifika Jumamosi kukagua miduara yetu kabla ya Siku ya Mduara, ambayo mwaka huu ni tarehe 20. Alipima wangu, akapima wa mdogo wangu Veikko, kisha akasimama katikati akikuna kidevu.

"Mzee Mattila," akaniambia, "hii miduara yenu imelaliana."

Nikamjibu kwamba imelaliana tangu mwaka aliofariki baba yetu na haijawahi kumdhuru mtu. Akasema hilo ndilo tatizo.

Kanuni uliziandika wewe mwenyewe, kwa hiyo nazirudia kwa faida ya wajumbe wapya tu. Kila mshiriki huzungushia kamba nyeupe mduara wa futi kumi na tano nyumbani kwake. Hukaa humo tangu alfajiri hadi jua kuzama, na kila aina ya ndege anayemwona au kumsikia akiwa ndani ya kamba ni yake. Mwenye aina nyingi huchukua lile birika la bati kwa mwaka mzima. Kanuni ya pili inataka katikati ya mduara pawe kwenye ardhi ya mshiriki. Kuhusu ukingo utaangukia wapi, haisemi chochote. Kanuni ya tano inakataza mshiriki kusaidiwa na mtu aliye nje ya mduara wake.

Sasa Bwana Benning anasema hivi: kwa kuwa mimi hukaa ndani ya mduara wa Veikko na Veikko hukaa ndani ya wangu, tunaweza kusaidiana kutwa nzima bila kuvunja kanuni hata moja. Anasema pia kwamba orodha zetu zimelingana aina kwa aina miaka mitatu mfululizo, na kwamba kuna watu wanaosema ni ujanja wa familia. Kwa hiyo mmoja wetu ahame kabla ya Siku ya Mduara, na kamati itaamua Ijumaa ni nani.

Mheshimiwa, ujanja unahitaji mazungumzo. Mimi na Veikko hatujazungumza kwa miaka sita.

Naomba ahamishwe yeye. Sababu zangu ni hizi:

1. KUHUSU MAHALI. Baba alituachia uwanja mmoja na nyumba mbili. Kati ya misonobari yake miwili na gereji ya jirani kuna mwanya, na kupitia mwanya huo mtu huona ziwa, bandari, na ukingo wote wa mlima ambao ndege wa kaskazini huufuata kwa sababu wanaogopa kukatiza maji. Mwanya huo umeangukia juu ya mpaka wetu hasa. Mimi, nikiwa mkubwa, nilizungusha kamba yangu asubuhi. Yeye alizungusha yake alasiri ya siku hiyo hiyo. Tarehe ninayo katika shajara. Miduara yetu ilipokutana pakapatikana sehemu yenye umbo la jicho, na jicho hilo linaenea viti viwili vya kukunja iwapo mikono ya viti itagusana.

Basi imegusana. Akinyanyua penseli, kiwiko chake husukuma darubini yangu, na tai niliyekuwa namfuata hugeuka kuwa bomba la moshi. Goti lake la kushoto, lile aliloliumiza kwa kuteleza kwenye barafu, hulia kila anapokaa na kila anaposimama. Nalisikia vizuri kabisa. Naomba kamati ilizingatie jambo hilo la mwisho, maana kuna watu wanaeneza maneno kuhusu masikio yangu.

2. KUHUSU MBWA. Kwa kuwa Veikko hasemi nami, husema na Rekku, mbwa wake, ambaye ni mzee na hulala akiwa amekatiza miduara yote miwili. Unajua jinsi ndege wadogo walivyo mwezi huu. Rangi zote za masika wamezivua, kila mmoja ni kijani cha mboga iliyochemshwa mno, na wanakaa ndani ya majani. Mtu huwatambua kwa sauti au hawatambui kabisa. Hapo ndipo Veikko anapoanza.

"Rekku, we, umesikia? Yule mdogo mwenye utosi wa dhahabu. Msonobari wa kushoto, juu kabisa. Wako watatu."

Mbwa hajibu. Mimi natazama msonobari wa kushoto, kwa sababu shingo ni yangu na siwezi kuizuia, na ndege yupo. Nafanyaje? Nikishamwona nimemwona. Inabidi niandike.

"Rekku, mtambaa-gome huyo. Anapanda kwa nyuma. Mwambie mzee hapo kando asubiri atokee upande huu, asije akalaumu mti."

Anatokea upande huu. Naandika tena.

Mwaka jana nililazimishwa kuandika aina ishirini na mbili kwa njia hii. Nilikuwa nimekaa kwa amani yangu nikilishwa ndege kwa nguvu kama bata bukini anayenoneshwa. Nilipomtazama Veikko kwa jicho kali, alimwambia mbwa: "Usimwogope, Rekku. Ndiyo sura yake hiyo tangu shule."

Na kwa kuwa nimegusia sauti, naomba klabu ichunguze jambo moja zito. Kwa miaka minne au mitano sasa, wadogo hawa wamepunguza sauti zao. Zamani yule mwenye utosi wa dhahabu ungemsikia ukiwa jikoni na birika linachemka. Siku hizi anafungua mdomo, koo linatikisika, namwona waziwazi kwenye darubini, na hatoi kitu. Wenye mkia wenye ncha za manjano nao vilevile. Kundi zima linapita kimya kama watu waliotoka kwenye mkutano mbaya. Nimeandika uchunguzi huu kwa tarehe na nipo tayari kuuwasilisha. Ndege wakubwa hawajaathirika.

3. KUHUSU CHAKULA. Veikko hula samaki wa siki mduarani. Shakwe wanakuja. Wanaandikwa pande zote mbili.

Shemeji yangu Marlys, mke wake, ambaye sina ugomvi naye wowote, huleta mkate wa iliki sinia moja tu na kuliweka juu ya mbwa, maana hapana mahali pengine. Mwaka jana nilikataa. Akasimama mbele yangu, akaziba mwanya wote na ziwa lake, akasema: "Shemeji, kula. Mkitaka kununiana nuneni, lakini si kwa mkate wangu. Nimeamka saa tisa kuuoka." Nikala. Siagi iliingia kwenye gurudumu la darubini, na hadi leo linateleza ninapotaka kuona karibu.

4. KUHUSU WIZI WA MACHO. Hili ndilo zito kuliko yote, nami naomba lisomwe kwa sauti mbele ya kamati.

Kama unavyojua, nilifanya kazi gati la madini maisha yangu yote, na kazi yangu ilikuwa kusoma namba za mabehewa kwa sauti ili karani aandike. Mazoea hayaishi siku mtu anapostaafu. Mpaka leo ninachokiona mbali hukisema. Nikiona tai mwenye kichwa cheupe nasema, "Tai, kichwa cheupe, juu ya mnara wa redio, kuelekea kusini." Sisemi na mtu. Nasema tu.

Veikko anaandika.

Macho yake yameharibika, na anadhani sijui. Kuanzia majira ya baridi ya mwaka juzi hawezi kutofautisha tai na alama ya kidole kwenye kioo chake mwenyewe. Nimemwona akiinua darubini upande ambao hakuna chochote isipokuwa kamba ya nguo ya jirani, akaitazama kwa heshima muda mrefu, akasubiri niseme. Kila kipanga, kila kozi, kila tai aliye katika orodha yake amepita kwanza kwenye macho yangu.

Mwaka jana niliamua kumkomesha. Tangu jua lilipochomoza nilifunga mdomo. Vipanga wakapita, wadogo wa mkia mrefu, mmoja baada ya mwingine, wakiteleza juu ya misonobari, na mimi nikaandika bila kusema neno. Veikko alikaa na penseli juu ya karatasi nyeupe. Hakuniuliza. Hakumwambia Rekku chochote. Hata wale wadogo wa mitini hakuwataja tena, na karatasi yangu nayo ikakwama. Mbwa akainua kichwa akatutazama, kwanza yeye, kisha mimi, kisha yeye tena. Meli ya madini ikapiga honi bandarini. Kipanga mwingine akatokea, karibu sana, na Veikko akageuza uso upande ambao siyo.

Nikasema, "Kipanga mdogo, juu ya gereji, anakuja kwetu." Nilisema kwa sababu ukimya wa muda mrefu huwashtua ndege. Wajumbe wote wanalijua hilo.

5. KUHUSU KIPANGA WA MAKABURINI. Nimeambiwa kwamba kamati haipendi kuingizwa katika mambo ya familia. Hili ni la ndege.

Siku tuliyomzika baba, Septemba, mchungaji alikuwa anaomba na sote tumeinamisha vichwa, isipokuwa mimi na Veikko, kwa sababu kunguru walikuwa wameanza kupiga kelele. Kipanga akapita juu ya jeneza, chini kiasi cha kuona kifua chake kikipumua. Nikanong'ona, "Kipanga mkuu." Yule wa misitu ya kaskazini, Mheshimiwa, ambaye watu husubiri msimu mzima kumwona. Veikko akanong'ona, "Kipanga wa bustani, jike." Nikamwambia atazame nyusi nyeupe. Akaniambia nitazame mkia. Watu wakasema amina, sisi tukaendelea. Wakaimba, tukaendelea. Tulipofika kwenye kahawa ukumbini tulikuwa tumeshafikia mambo ya utotoni, na tuliporudi nyumbani hatukuwa na lugha tena.

Kipanga wa bustani ni ndege anayejificha kando ya vyombo vya kulishia ndege ili akamate shomoro waliokuja kula mbegu. Veikko anataka baba yetu, aliyetufundisha sisi sote wawili kutazama juu, awe amesindikizwa na huyo. Mimi siwezi kukaa goti kwa goti na mtu anayeamini hivyo, na miaka sita ninafanya hivyo.

Kwa sababu hizi tano naomba yafuatayo:

Kwanza, mduara wa Veikko uhamishiwe nyuma ya gereji yake, ambako kuna mandhari nzuri ya ukuta wa matofali na pipa la takataka. Shomoro hawakosekani.

Iwapo kamati itaona hiyo ni adhabu kubwa, basi liwekwe pazia kati ya viti vyetu. Lakini pazia halizuii sauti. Kwa hiyo Veikko apigwe marufuku kutaja kwa sauti ndege yeyote aliye mdogo kuliko ngumi, nami niko tayari kujizuia kutaja walio wakubwa kuliko kuku, ingawa itanibidi nifungwe kitambaa mdomoni, na kitambaa hicho asifunge Veikko.

Iwapo na hilo ni gumu, anga ligawanywe. Mimi nikiwa mkubwa nichukue ndege wanaoingia kutoka kaskazini hadi watakapovuka waya wa umeme wa barabarani. Baada ya hapo ni wake. Ndege akigeuka na kurudi, aamuliwe kwa jinsi alivyoingia mara ya kwanza. Wanaozunguka juu ya mpaka bila kuamua, kama wale wa mabawa mapana, wagawanywe nusu kwa nusu, na wakiwa witiri yule wa mwisho asiandikwe.

Mwisho, naomba kamati itamke kuhusu mbwa. Masikio ya Rekku bado ni mazima kabisa, na yeye husikia kila kitu. Lakini kichwa chake kiko kwangu na mkia wake uko kwa Veikko. Akiinua sikio upande wangu, je, nimesaidiwa na aliye ndani au aliye nje? Kanuni iko kimya, na mimi sitaki kushutumiwa kwa sikio la mbwa.

Sina chuki na mtu. Nataka nikae kwenye mduara wangu, nione ndege wangu, niwaandike kwa mkono wangu, kama nilivyokuwa nikifanya zamani. Nina miaka sabini na mmoja. Sijui zimebaki Siku za Mduara ngapi, na ningependa walau moja iwe yangu bila kiwiko cha mtu.

Nakutakia upepo mzuri. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, na Bwana Benning, ambaye alisahau kofia yake juu ya uzio wetu na itamsubiri hapo. Msalimie mama yako mzazi na umwambie kwamba bundi aliyemuulizia Julai bado yupo. Shemeji Marlys naye anawasalimu, alipita dirishani akaniona naandika, akasema, "Kama ni kwa klabu, waambie nitaleta mikate miwili mwaka huu." Nimewaambia.

Ndimi mwenye mduara wa upande wa juu,

Reino Mattila

N.B. Jumatano, 10 Septemba. Bahasha ilikuwa tayari imefungwa. Nimeifungua kwa mvuke wa birika ili niongeze haya, kwa hiyo usishangae ikiwa imejikunja.

Leo asubuhi Veikko na Marlys walikwenda kwa daktari wa macho, wakaniachia Rekku. Niliona ni nafasi nzuri ya kuthibitisha hoja zangu, nikaketi peke yangu kwenye jicho la miduara tangu alfajiri. Hapakuwa na upepo. Palikuwa na ukungu kidogo ziwani, asubuhi ambayo misonobari hujaa ndege. Rekku aliinua sikio kuelekea msonobari wa kushoto. Nikatazama. Kisha wa kulia. Kisha nyuma yangu. Kisha kushoto tena, na kichwa akakiinamisha upande kama mtu anayesikiliza habari. Nilimfuata kila aliposikia, na sikusikia kitu wala sikujua kwenye mti mzima nitazame tawi lipi. Hadi saa nne nilikuwa na kunguru, shakwe na tai mmoja. Nilimtaja tai kwa sauti. Hapakuwa na wa kuandika.

Ule uchunguzi kuhusu ndege kupunguza sauti naomba usiwasilishwe kwanza.

Walirudi kabla ya chakula cha mchana. Goti likalia. Veikko aliketi na miwani nyeusi ya hospitali, kisha akasema, "Rekku, daktari anasema ni mtoto wa jicho. Anasema alianza siku nyingi, huenda miaka saba. Basi sijui. Pengine yule wa makaburini alikuwa kipanga mkuu." Kisha, bila hata kupumua: "Na huyo hapo kushoto ni mwenye utosi wa dhahabu, wako watano, na mtambaa-gome yuko nao."

Nimeyasubiri maneno yale ya mwanzo miaka sita, na nilipoyapata nilikuwa tayari nimeinua darubini kutazama wale watano. Nikamwambia, yeye mwenyewe na si mbwa, "Tai, kichwa cheupe, juu ya mnara." Akatoa penseli.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi langu nalirekebisha hivi. Iwapo kamati itauhamisha mduara wa Veikko, naomba na wangu uhamishwe siku hiyo hiyo, umbali ule ule, kuelekea upande ule ule. Tutabeba kamba wenyewe.

Macho yake yatafanyiwa upasuaji Oktoba, na daktari anasema ataona kama kijana. Baada ya hapo hatahitaji mtu wa kumsomea anga. Kwa masikio nimeuliza. Hawana wanachofanya zaidi ya kile kifaa kinachopiga mluzi, na huo mluzi ndege hawaupendi. Ndiyo maana naomba iandikwe kanuni mpya, na ipitishwe kabla ya Oktoba: kwamba miduara ikishalaliana miaka sita isitenganishwe, hata kama mmoja wa wenyewe ataanza kuona vizuri.